Kamera ya sensa ndogo kwa picha za angani: jinsi ya kuchagua kwa hela ya kawaida (mwongozo kamili)

Kamera yangu ya kwanza ya angani niliinunua kwa sababu moja tu, boksi lilikua limeandikwa megapikseli 5. Basi. Ilikua ya plastiki, unaichomeka pale unapochungulia kwenye darubini, waya wake mfupi kama mkia wa mbuzi, na Mshtarii kwenye skrini ilikua inafanana na taa ya bodaboda kwenye ukungu. Miezi kadhaa baadae nikaona picha ya Mshtarii ileile, mtu kapiga kwa darubini ya saizi ya kwangu na kamera ya megapikseli 2, mistari ya mawingu inahesabika, nikasema hapa nimepigwa, kumbe hakuna aliyenipiga, nilijipiga mwenyewe kwa kusoma namba ambayo haina kazi.

Sasa mwongozo huu ni wa mtu ambae ana darubini tayari au anakaribia kuipata, hela yake ni ya kuunga unga, na anataka kamera ndogo ya kweli ya angani sio ya kubahatisha. Mifano yangu mingi itakua ya darubini ya kioo chenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650 (umbali kutoka kioo mpaka pale mwanga unapokutana), kwa sababu ndio ninayo mimi kwenye paa la nyumba hapa Tabata, na ni saizi ambayo watu wengi wanaanza nayo.

Kabla hatujaenda mbali, nikisema sensa simaanishi ile ya watu na makazi. Ni kile kipande cha silikoni ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ukisikia kamera ya sensa ndogo, fikiria kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole chako, tofauti na kamera za mapicha ya harusi ambazo sensa zake zina upana wa milimita 22 mpaka 36.

Kwanza jiulize unataka kupiga nini

Hapa ndio watu wengi wanaruka, wanakimbilia kuuliza bei. Angani kuna kazi za aina tatu na hazifanani kabisa.

Kazi ya kwanza ni sayari na Mwezi. Vitu vinavyong'aa ila vidogo (Mwezi ukiutoa). Hapa unapiga video fupi yenye maelfu ya fremu, halafu programu inachambua zile zilizotoka safi pale hewa ilipotulia kwa sekunde moja mbili, inazirundika pamoja. Sensa ndogo hapa ni mfalme, wala sio kwa sababu ya bei. Mshtarii yenyewe inakalia kipande kidogo tu cha picha, sensa kubwa itakuletea weusi mtupu pembeni na mafaili ya kujaza diski.

Kazi ya pili ni nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), galaksi na makundi ya nyota. Vitu hafifu, vingine vikubwa kuliko Mwezi. Hapa unahitaji muda mrefu wa kukusanya mwanga, stendi yenye mota inayofuata anga, na sensa ikiwa kubwa kidogo inasaidia. Sensa ndogo inaweza, ila uchague darubini fupi au lenzi.

Kazi ya tatu ni Njia Nyeupe nzima juu ya mbuyu, zile picha za kuposti. Kama ni hiyo ndio ndoto yako basi achana na mwongozo huu, katafute kamera ya kawaida ya mtumba yenye lenzi pana, ndugu yangu, utafurahi zaidi na utabakiwa na chenji. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu kanunua kamera ya sayari kwa dola 300 anauliza mbona Njia Nyeupe haiingii.

Pili soma ubavuni mwa darubini yako

Kuna namba mbili pale, kipenyo na urefu wa fokasi. Yangu imeandikwa D=130 F=650. Chukua hiyo F, halafu kwenye maelezo ya kamera tafuta saizi ya pikseli kwa maikroni (elfu moja yake ni milimita moja). Sio idadi ya pikseli, SAIZI ya pikseli moja. Halafu piga hesabu hii kwenye simu:

saizi ya pikseli × 206 ÷ fokasi

Jibu ni sekunde za pembe kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha inafunika kipande gani cha anga. Digrii moja ina sekunde 3600, Mwezi una kama nusu digrii, Mshtarii ikiwa karibu nasi ina kama sekunde 45 hivi.

Tuchukue pikseli ya maikroni 2.9 ambayo utakutana nayo sana. 2.9 × 206 ÷ 650 inatoka kama 0.92. Maana yake Mshtarii itakua na upana wa pikseli 49 tu kwenye picha. Kidogo sana, kama punje ya choroko. Ndio maana kwa sayari tunaweka Barlow, kile kijibomba chenye lenzi kinachorefusha fokasi mara mbili au mara tatu. Ukiweka Barlow ya mara 3 fokasi inakua 1950, hesabu inashuka mpaka 0.31 na Mshtarii inapanda mpaka pikseli 147 hivi. Hapo sasa unaanza kuona mikanda ya mawingu na hata lile doa jekundu hewa ikikaa vizuri.

Kuna njia ya mkato ya kujua Barlow gani, chukua saizi ya pikseli zidisha kwa 5, jibu ndio namba ya f (yaani fokasi ukiigawa kwa kipenyo) unayotakiwa kuifikia. Pikseli 2.9 inataka f/14.5. Darubini yangu ni f/5, mara 3 inakua f/15, imekaa palepale. Ukiwa na kamera yenye pikseli 2.0 inataka f/10, Barlow ya mara 2 inatosha. Pikseli 3.75 za zile sensa za zamani kidogo zinataka karibu f/19, hapo kwenye f/5 utahangaika. Kwahiyo kabla hujatoa hela angalia una Barlow gani kwenye droo, inaweza ikakuamulia kamera.

Kwa nebula hesabu ni ileile ila unataka jibu la kati ya 1 na 3 hivi. Chini ya hapo unagawa mwanga hafifu kwenye pikseli nyingi mno na hewa yenyewe haikupi undani huo, juu ya hapo nyota zinakua mraba mraba. Sio sheria ya msahafu, wengine wanapiga kwa 4 na picha zinapendeza tu.

Tatu hesabu kama kitu kitaingia kwenye fremu

Upana wa sensa kwa milimita, gawanya kwa fokasi, zidisha kwa 57.3. Unapata digrii.

Sensa inayoitwa IMX462 (majina haya nayaeleza hatua ya nne) ina upana wa milimita 5.6 kwa 3.2. Kwenye 650 yangu inatoa kama nusu digrii kwa robo digrii na kidogo. Maana yake Mwezi mzima hauingii, unapiga vipande unaunganisha. Sensa ya IMX585 ni 11.2 kwa 6.3, hapo Mwezi mzima unaingia, siku ukiwa karibu sana na dunia unagusa kingo za juu na chini.

Sasa chukua Kilimia, zile nyota wazee wetu walizitumia kujua msimu wa kulima. Kundi lile lina upana wa kama digrii 2. Kwenye 650 na sensa ndogo utapata nyota tatu nne na utashangaa Kilimia chenyewe kiko wapi. Ile nebula ya Orion ambayo kwa sisi wa Dar inapita karibu kabisa na utosini, ina kama digrii moja, kwa IMX462 utapata moyo wake tu, kwa IMX585 utapata sehemu kubwa yake. Ila toa darubini weka lenzi ya milimita 200 au 250, kamera ileile ndogo inaimeza karibu yote.

Na hili sio la nadharia. Ile darubini ndogo ya kisasa ya Seestar S50 iliyotoka 2023, inayojiendesha yenyewe kwa simu, ndani yake imekaa IMX462 hiyohiyo ya megapikseli 2 nyuma ya lenzi ya milimita 50 yenye fokasi 250. Angalia picha watu wanazotoa nayo halafu uniambie sensa ndogo haiwezi nebula. Inaweza, ilimradi fokasi iwe fupi. Tena nikwambie ukweli, kama huna darubini kabisa na hela yako inafika bei yake na unachotaka ni nebula, nunua hicho kitu ulale. Mimi nilishakua na darubini, na napenda kuhangaika.

Nne ujue majina ya sensa, sio majina ya kamera tu

Kamera hizi zina majina mengi ila ndani wote wananunua sensa zilezile, nyingi za Sony. Kinachochekesha ni kwamba nyingi ya hizi ndogo zilitengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, zile za ukutani za kuangalia nani kaingia getini usiku. Sony wanaita familia hiyo STARVIS, na mpya zaidi STARVIS 2. Walitaka kamera ione gizani bila taa, sisi tukasema asante.

Kwahiyo ukiona tangazo, kitu cha kwanza tafuta namba ya sensa. Muuzaji asiyeiandika, anakwambia tu HD na zoom mara 200, mpite kama hujamuona.

AR0130 ndio babu yao, pikseli 3.75, picha 1280 kwa 960. Iko kwenye ASI120MC-S na nyingine za kufanana. Bado inapiga sayari, ila kwa leo mimi ningeinunua mtumba tu na kwa bei ya kutupwa, au baadae kwa kazi ya kuongozea, yaani kuisaidia stendi ifuate nyota bila kuteleza.

IMX224 nayo ya 3.75, ilikua inapendwa mno na wapiga sayari miaka ile, haina chenga nyingi (vile vinukta vya uchafu kwenye picha). Ukiipata mtumba safi usiiogope.

IMX290 na IMX462, hizi pikseli 2.9, picha 1936 kwa 1096. Ya 290 utaikuta kwenye SV305 ya Svbony ambayo ni miongoni mwa kamera za bei ya chini kabisa zinazostahili kuitwa kamera ya angani. Ya 462 ina sifa moja ya ajabu, inaona sana mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Ni faida na ni kero, nitaeleza kwenye filta.

IMX662 ndio mdogo wake wa kisasa, saizi ileile na pikseli zilezile. Kama unanunua mpya leo na hela yako inaishia kwenye dola 200 na kitu, mimi macho yangu yangeanzia hapa.

IMX678 ina pikseli 2.0 na picha ya 3840 kwa 2160. Tamu kwa Mwezi na sayari kwenye darubini za f/5 na Barlow ya mara 2. Kwa nebula pikseli zake ni ndogo, ila ukiwa na lenzi fupi inakubali.

IMX585, pikseli 2.9, picha 3840 kwa 2160. Kama kuna moja ya kufanya kazi mbili, sayari na nebula, ni hii. Haina ule mwanga mwanga unaojitokeza kwenye kona za picha ukiacha muda mrefu, ugonjwa ambao IMX178, 183 na 294 wanao sana. Utaikuta kwenye ASI585MC ya ZWO, Uranus-C ya Player One, SV705C ya Svbony. Bei yake bila kipoozi (kifaa cha kupoza sensa) ni kama dola 400, wengine chini kidogo ya hapo.

Halafu kuna IMX533, mraba wa milimita 11.3 pande zote, pikseli 3.76, safi mno kwa nebula, ila mara nyingi inakuja na kipoozi na bei inapanda kwenye mamia ya juu ya dola. Ukifika huko tena sio hela ya kawaida, naitaja ili ujue ngazi inaelekea wapi.

Kwa wale wa kuchokonoa vitu kuna ile HQ Camera ya Raspberry Pi ya mwaka 2020, sensa IMX477, pikseli 1.55, ilitoka kwa dola 50. Inataka mtu asiyeogopa kuandika komandi kwenye skrini nyeusi. Kama ni wewe, jaribu, ni raha yake.

Rangi au nyeusi na nyeupe? Chukua ya rangi. Nyeusi na nyeupe ni kali zaidi ila utanunua filta na kile kigurudumu cha kuzizungusha, bajeti itakufa njiani.

Tano USB, waya na laptopu yako

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia mara ya pili.

Fremu moja ya 1936 kwa 1096 kwenye biti 8 ni kama megabaiti 2.1. Ukipiga fremu 100 kwa sekunde hiyo ni megabaiti 210 kila sekunde, dakika mbili tu umejaza gigabaiti 25. USB 2 kwa uhalisia inapitisha kama megabaiti 40 kwa sekunde, maana yake fremu nzima utapata 18 au 19 tu. Kwahiyo USB 3 ni muhimu? Ndio na hapana. Kwa sayari hupigi fremu nzima, unakata kipande cha katikati tu cha 640 kwa 480, fremu inakua chini ya theluthi moja ya megabaiti, na hata USB 2 inaweza kufika fremu mia na kitu kamera yenyewe ikiruhusu. Kwa Mwezi ambao unataka fremu nzima ndio utaililia USB 3. Kwa nebula fremu moja inakaa sekunde kumi au zaidi, USB 2 inatosha kabisa.

Kingine ni diski. Ile ya kuzunguka ya laptopu za zamani haiandiki kwa kasi hiyo, itakwama na fremu zitadondoka. Kama una SSD, ile diski isiyozunguka, sawa, kama huna basi SSD ndogo ya kuweka ndani ya laptopu ya mtumba ni hela nzuri kuliko kupanda daraja la kamera.

Na waya. Mimi nilienda mjini nikanunua waya wa USB 3 wa mita 5, wa bluu, mzuri kwa macho, bei ya chini. Usiku ule kamera inaonekana, inapotea, inaonekana, inapotea. Nikafungua programu upya mara sita, nikafuta draiva nikaweka tena, nikaanza kuituhumu kamera, hewa imetulia vile na Zohali iko juu kabisa nimeshika laptopu natokwa jasho. Saa saba usiku nikakumbuka ule waya mfupi uliokuja kwenye boksi, nikachomeka, kila kitu kikatulia kama maji mtungini. Kwahiyo mita mbili, tatu basi, na laptopu isogee kwenye darubini badala ya kuirefushia waya.

Sita je itafokasi kwenye darubini yako

Swali ambalo hakuna anaeuliza mpaka kamera imefika. Darubini nyingi za kioo za bei nafuu hazina nafasi ya kutosha kwa kamera kubwa, unazungusha fokasi ndani mpaka mwisho na picha bado ina ukungu, maana sensa imekaa mbali kule ndani ya mwili wa kamera. Hizi kamera ndogo zina pua ya inchi 1.25 inayoingia ndani ya bomba la kuchungulia, sensa inakaribia pale jicho lingekua, kwahiyo zinafokasi pale ambapo kamera kubwa inagoma. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kwenda na ndogo kama una darubini ya kioo ya kawaida. Hakikisha tu darubini yako ina tundu la inchi 1.25, zile za kitoto zina la inchi 0.965 na vitu haviingii.

Saba filta moja, sio kumi

Sensa hizi zinaona infraredi, na nyingi zinakuja na kioo kitupu mbele. Bila filta ya kukata UV na IR (mwanga wa urujuanimno na huo wa infraredi), rangi zinaharibika, majani ya mti mchana yanakua ya zambarau na nyota zinavimba kwenye darubini za lenzi. Kwahiyo ukinunua 462 au 662 au 585 angalia kama filta imo ndani au kwenye boksi, kama haimo ongeza kwenye bajeti, ya inchi 1.25 inafungwa kwenye pua ya kamera. Filta nyingine zote zisubiri.

Ila kwa Jua hakuna kusubiri wala kujaribu. Filta ya Jua inakaa MBELE ya darubini, sio kwenye kamera, na iwe ya kazi hiyo. Vinginevyo sensa inaungua sekunde ileile, na jicho ni hivohivo.

Nane joto la kwetu

Kipoozi ni kitu kinachofanya kamera ya dola 400 iwe ya 600 au zaidi. Kinahitajika? Kwa sayari hapana, hata usifikirie. Kwa nebula inategemea unapoishi. Sensa ikiongezeka joto kwa digrii 6 au 7 hivi, chenga za joto zinazidi mara mbili. Sasa mtu wa Njombe usiku wa Julai anapiga kwenye baridi la kuvaa koti mbili, mimi pwani saa nne usiku bado naoga jasho, hatuko sawa. Dawa ya maskini ni zile fremu za giza: ukimaliza kupiga, hapohapo kabla kamera haijabadilika joto, funika mdomo wa darubini, piga fremu 20 au 30 kwa muda uleule na geini ileile (kiasi kamera inachokuza mwanga iliopokea), programu itazitoa kwenye picha. Usizipige kesho yake mchana sebuleni, hazitafanana. Na usiache fremu moja ikae dakika tano, piga nyingi za sekunde 10 mpaka 30, sensa hizi za kisasa hazina shida na fremu fupi.

Jambo jingine la kwetu, sisi Nyota ya Kaskazini hatuna, Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta na hata Nairobi nyota hiyo iko chini ya upeo. Video nyingi za kufundisha kuweka stendi zinaanza na nyota hiyo. Programu ya NINA ni ya bure na ina nyongeza inayopanga stendi kwa kupiga picha sehemu tatu za anga popote pale, kamera yako ndogo ndio inafanya kazi hiyo. Tukilalamika tukumbuke pia na neema yetu, sayari huku zinapita juu sana, wenzetu wa Ulaya kuna miaka wanapiga Zohali ikiwa imeegemea mapaa ya majirani.

Tisa kununua

Gawa hela yako hivi kichwani: kamera, filta, Barlow, na ya kutolea mzigo. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau, bei ya mtandaoni sio bei ya mlangoni kwako, kuna usafiri, kuna ushuru na VAT, na kuna siku utaenda kuuchukua kwa nauli. Mimi huweka theluthi pembeni na mara nyingi chenji inabaki, bora hivyo kuliko mzigo kukaa.

Mtumba usiuogope, kamera hizi hazina kitu kinachozunguka ndani cha kuchoka. Mwambie muuzaji akupigie picha mbili. Moja kafunika kamera, geini juu, sekunde 10, uone chenga zake, vinukta vichache vyeupe ni kawaida ila mstari mzima uliokufa hapana. Ya pili kaelekeza kwenye ukuta mweupe au anga la mchana bila lenzi, uone vumbi na ukungu ndani ya kioo. Na umuulize imekaa wapi, ya kukaa Zanzibar miaka mitatu bila silika geli ndani ya begi ni tofauti na ya Dodoma.

Hata ukija kupanda daraja hutupi hii ndogo, inageuka kamera ya kuongozea stendi, kwahiyo angalia kama ina lile tundu la ST4 la waya wa kuongozea au inakubali programu ya kuongozea ya PHD2, nyingi zinakubali.

Kumi usiku wa kwanza

Kwenye kompyuta weka SharpCap au FireCapture za kurekodia, AutoStakkert ya kurundika, Siril kwa nebula. Zote zina matoleo ya bure ya kuanzia.

Mchana, kabla giza halijaingia, elekeza darubini kwenye mnara wa simu wa mbali, weka kamera, pata fokasi, halafu panga kile kidarubini kidogo cha kulengea kionyeshe taa ileile ya mnara. Usiruke hatua hii. Sensa ndogo inaona kipande kidogo cha anga kama kuangalia chumba kwa tundu la ufunguo, mimi usiku wangu wa kwanza nilitafuta Mshtarii dakika arobaini na iko pale juu inanicheka, inaonekana kwa macho ya kawaida. Anza bila Barlow, ikiingia katikati ndio uweke Barlow.

Ikiingia itakuja kama duara kubwa jeupe lenye tundu jeusi katikati, mfano wa donati. Usishtuke, hicho ni kivuli cha kioo kidogo cha ndani na maana yake uko nje ya fokasi. Zungusha taratibu, duara linanywea, tundu linaziba, halafu ghafla pembeni zinachomoza nukta tatu au nne zimepanga mstari. Hiyo ndio miezi yake. Tumia hizo nukta kumalizia fokasi, zikiwa ndogo kabisa umefika.

Kata fremu iwe 640 kwa 480, muda wa fremu anza na milisekunde 10, panda geini mpaka histogramu (ule mchoro wa mwanga wa picha kwenye programu) ifike kama nusu na kidogo. Rekodi dakika mbili, usizidishe sana tatu, kwa sababu Mshtarii inajizungusha chini ya saa 10 na ukikaa muda mrefu maumbo yanajikokota kwenye picha. Rekodi video tano au sita, sio moja, hewa inabadilika kila dakika. Kesho yake chai mkononi ingiza kwenye AutoStakkert, mwambie achukue asilimia 20 bora, halafu nenda kanoe picha kidogo kidogo, ukiona imeanza kuwa na duara duara kama maganda ya kitunguu umezidisha, rudi nyuma.

Mtaa wetu umeme ukikatika watu wananuna, mimi napanda juu na laptopu yenye chaji. Mara ya mwisho mtoto wa jirani alinifuata kule paani, akaangalia skrini inavyotetemeka, akaniuliza mbona hiyo sayari inachemka. Nikamwambia ni hewa yetu hiyo inachemka, sayari imetulia. Akakaa mpaka video ya nne ikaisha, ndipo akaitwa kulala.